Mathenge na eskaveta ndogo: slasha ya diski, slasha ya ngoma, mulcha au reki yenye kidole?

Ukienda kuulizia kifaa cha kusafishia kichaka kwa eskaveta ndogo, muuzaji atataka kujua mashine yako ni ya tani ngapi. Ana haki ya kuuliza, na namba hizo tutazifikia. Lakini kuna jambo la kuamua kabla ya tani: unataka kichaka hicho kikatwe, au unataka kife? Kwa matete na nyasi za kando ya barabara tofauti ni ndogo. Kwa mathenge, ule mti wa miiba uliovamia nyanda kavu za Kenya, tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe, na mtu asipoiona atanunua kifaa cha bei kubwa kisha arudi palepale baada ya mvua mbili.

Ulinganisho huu nimeufanya nikiwa na mathenge mbele yangu, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wa Marigat, Bura, Hola, Garissa na Turkana wakodi mitambo. Tanzania nayo imeingia, mkoani Kilimanjaro. Anayesafisha vichaka vya aina nyingine atapata la kuchukua, ila asome kwa jicho lake.

Mti wenyewe kwanza

Mathenge, kwa jina la kitaalamu Prosopis juliflora, asili yake ni Amerika. Nchini Kenya ilipandwa mwaka 1973 karibu na Mombasa, kwenye machimbo ya mawe ya Bamburi yaliyohitaji kurudishiwa kijani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikapelekwa Baringo na Tana River, kwa nia njema ya kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Kilichotokea baadaye kila mfugaji wa nyanda hizo anakijua. Mwaka 2006 wananchi wa Ng'ambo, Baringo, waliishtaki serikali, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake matamu akafikishwa mahakamani kama ushahidi. Mwaka 2008 Kenya ikautangaza rasmi kuwa mmea hatari.

Kwa opareta, kuna sifa tatu zinazohesabika. Mbao yake ni ngumu na nzito. Miiba yake hutoboa tairi, ndiyo maana mashine ya cheni hufanya kazi hapa kwa amani zaidi kuliko trekta. Na ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote: macho ya kuchipua yako kwenye shingo ya mti, chini kidogo ya uso wa ardhi. Ukikata shina juu ya udongo unayaamsha. Pale palipokuwa na shina moja patatoka kichaka cha mashina mengi, kinachotambaa na kuwa kigumu kupita kuliko ule mti wa awali.

Habari njema ni kwamba huhitaji kuufuata mzizi mpaka mwisho wake. Hata ungetaka usingeweza: mwaka 1960 mzizi wa mti wa jamii hii ulikutwa kwenye mgodi wa Arizona, Marekani, ukiwa zaidi ya mita 50 chini ya ardhi. Kinachotakiwa ni kuiondoa ile shingo, yaani kukata mzizi mkuu sentimita 10 hadi 30 chini ya udongo, na zaidi kidogo kwa mti mzee. Mzizi unaobaki chini ya hapo hauchipui. Vipime vifaa vyote vinne kwa kigezo hicho: kinafika chini ya shingo, au kinaishia juu yake?

Nguvu inayofika kwenye kifaa

Fungua kitabu cha mashine utafute laini ya ziada ya haidroliki, ile inayopeleka mafuta mpaka kwenye mkono kwa ajili ya nyundo ya kuvunjia mawe na vifaa vingine. Utakuta namba mbili: lita kwa dakika, na shinikizo kwa bar. Zizidishe, ugawanye kwa 600, upate kilowati.

Eskaveta ya tani 1.7 yenye lita 30 kwa bar 170 inatoa kilowati 8.5, sawa na nguvu za farasi 11 hivi. Ya tani tano na nusu yenye lita 75 kwa bar 200 inatoa kilowati 25, yaani farasi kama 33. Hapo bado hujatoa kinachopotea kwenye hozi na kwenye mota. Sasa rudi kwenye karatasi ya kifaa unachoonyeshwa. Ikiwa kinadai lita 90 na wewe una 75, kitazunguka, lakini polepole. Kifaa cha kukatia kinachozunguka polepole huparua shina, hukwama na kuchemsha mafuta. Baringo, ambako nyuzi 35 za joto ni mchana wa kawaida, mafuta yanayochemka hayana pa kupoa.

Uzito nao usiusahau. Pima kifaa dhidi ya baketi iliyojaa udongo: kikiwa kizito kuliko hiyo, mkono ukinyooka pembeni mwa cheni mashine itaanza kuinua upande. Zile eskaveta zenye mgongo mfupi usiozidi cheni wakati wa kugeuka zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa uzito wa nyuma wa kusawazisha uko karibu na katikati.

Slasha ya diski

Hii ni diski ya chuma, au bapa zito, yenye visu viwili hadi vinne vinavyobembea, ndani ya kifuniko kilicho wazi upande wa mbele. Wengi huipenda na naelewa kwa nini. Uzito wa diski ukishika kasi hubeba nguvu ambayo mota peke yake haina, kwa hiyo hata mashine ndogo hukata haraka. Kwenye eskaveta ya tani 1.7 tegemea mashina ya unene wa vidole vitatu, na kwenye ya tani tano hivi hadi sentimita 10. Ukitaka kufungua njia iliyojifunga ili watu na mifugo wapite leo, hakuna kinachoishinda.

Nina mambo mawili dhidi yake. La kwanza ni hatari. Slasha hii hurusha mawe na vipande vya miti, na watengenezaji wengi huonya mtu asikaribie ndani ya mita 90 au zaidi. Eskaveta yenye paa tu bila kioo cha mbele haifai kabisa kwa kazi hii, na kioo cha kawaida hakitoshi: weka polikaboneti nene, ya milimita 12 hivi, na wavu wa chuma juu yake. Vijijini kwetu mtambo ukiwashwa watoto huja kutazama. Kabla ya kuwasha, mweke mtu mzima kila upande wa kuwazuia, asiye na kazi nyingine yoyote siku hiyo.

La pili ni kile inachokiacha nyuma: visiki vilivyochanika, vyenye ncha, vikiwa kimo cha kifundo cha mguu. Vinakata cheni za mpira, vinatoboa viatu, na baada ya wiki chache vimefichwa na machipukizi. Shingo ya mathenge haijaguswa.

Slasha ya ngoma

Badala ya diski kuna ngoma iliyolala, yenye nyundo ndogo au visu vinavyoning'inia. Kisu kikigonga jiwe hurudi nyuma badala ya kuvunjika. Vitu vinavyorushwa ni vichache kwa kuwa ngoma imefunikwa vizuri zaidi na hukata karibu na ardhi. Majani na vijiti husagwa na kutandazwa.

Ukomo wake ni unene. Kwenye mashine ndogo, shina la sentimita 3 ni sawa, la sentimita 5 ni kulazimisha, na la mathenge hukataa mapema kuliko la mti laini. Kwa hiyo sioni sababu ya kuinunua kwa ajili ya kufungua pori. Mahali pake ni matunzo, hasa kingo za mifereji. Bura na Hola, ambako mathenge imeshambulia mifereji ya umwagiliaji, ukingo haupaswi kuchimbwa: ukiung'olea mti mkubwa unafungua tundu ambalo maji yatalipanua. Pale heri kukata chini na kurudi kila msimu, na slasha ya ngoma ndiyo inayofanya hivyo bila kuumiza udongo. Nyundo zake ni vipande vidogo, na fundi wa mtambo akiwa na spana huzibadilisha palepale shambani. Zibadilishe jozi kwa jozi, zile zinazotazamana, la sivyo ngoma itatetemeka na kuua beringi.

Mulcha

Hii ndiyo inayopendeza kwenye video. Ngoma yenye meno ya kudumu, mengi yakiwa na ncha za kabaidi ya tangsteni, inashuka juu ya mti uliosimama na kuugeuza chipsi kuanzia kileleni. Hakuna marundo, hakuna kuchoma, ardhi inabaki na zulia la vipande linalozuia mmomonyoko. Kwenye mteremko, au kwenye shamba ambalo huwezi kuwasha moto, ni faida ya kweli.

Hata hivyo, chini ya tani tano siishauri. Zipo ndogo zinazouzwa kwa mashine za tani tatu au nne, lakini nguvu hiyo hukuacha ukisubiri ngoma ipate kasi tena baada ya kila shina. Kwenye tani tano na nusu unaweza kufanya kazi ukichagua ngoma yenye pete za kuzuia meno yasiume zaidi ya kiasi. Kwenye tani nane ndipo inapoanza kulipa. Bei yake ni mara kadhaa ya slasha ya diski, na meno yake hayachongwi na fundi wa jua kali: unayaagiza. Udongo wenye mawe huyamaliza upesi.

Nina pingamizi moja zaidi ambalo wauzaji hawaligusi, kwa sababu vifaa hivi vilibuniwa kwa nchi ambako kichaka ni taka. Kwetu mathenge ina soko. Makaa yake ni mazuri, hukaa muda mrefu motoni, na shina lililonyooka ni nguzo ya uzio. Mulcha inasaga hayo yote. Mwenye shamba la ekari kadhaa lenye miti mikubwa anaweza kulipia sehemu ya dizeli kwa kuni na makaa, mradi afuate taratibu za vibali na vikundi vya wachoma makaa zinazotumika eneo lake. Akileta mulcha analipa mara mbili: analipia kazi, na anapoteza mali. Na shingo ya mti? Inabaki chini, isipokuwa opareta ashushe ngoma mpaka ndani ya udongo, jambo linaloyala meno kwa kasi.

Reki, kidole na ripa

Hapa hakuna kinachozunguka. Ripa ni jino moja refu la kukatia mizizi. Reki ni baketi isiyo na tumbo, yenye meno yaliyopinda na nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati yake ili udongo udondoke. Kidole ni kile chuma cha kubana kinachofungwa chini ya mkono, kikikutana na reki kama kidole gumba na vidole vingine vya mkono wa mtu. Kinaweza kuwa na silinda yake ya haidroliki, au kikawa cha kufungwa kwa pini tu kwenye mkao mmoja.

Kazi yake huenda hivi. Opareta hukata mizizi ya pembeni kwa ripa, upande wa mbali na wake, halafu kushoto na kulia. Kisha huingiza reki chini ya shingo, huvuta kuelekea kwake huku akiinua, mzizi mkuu unakatika, kidole kinabana, mti unatikiswa udongo ubaki shimoni. Anaupeleka kwenye rundo, mashina upande mmoja na matawi upande wa pili, ili watu wa pawa-so wakija wasihangaike na miiba. Kutumia ripa na reki kwa zamu kunahitaji kiunganishi cha haraka cha kubadilishia vifaa. Bila hicho, fundi akulehemee jino moja refu pembeni mwa reki, lifanye kazi ya ripa.

Eskaveta ya tani 1.7 itang'oa mathenge ya unene wa mkono bila shida. Mti mkubwa zaidi utaizungusha mashine badala ya mashine kuung'oa, hivyo chimba kuuzunguka kwanza, au tafuta ya tani tano. Wakati mzuri ni siku chache baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu lakini hautelezi. Ule udongo mzito wa nyanda za Ziwa Baringo ukilowa sana hushika cheni na kuganda kwenye mizizi.

Kasoro zake nazo nizitaje. Ni polepole kuliko slasha. Inaacha mashimo yanayohitaji kufukiwa. Inafukua mbegu zilizolala ardhini, na zitaota. Lakini kati ya vyote vinne, ndicho pekee kinachofika chini ya shingo kwa kazi yake ya kawaida. Tena, ukitumia kidole cha pini, hakihitaji lita wala bar za ziada, jambo kubwa kwa mwenye eskaveta iliyotumika kutoka Japani ambayo ilikuja na baketi na blade pekee, bila laini ya ziada.

Kwa upande wa fedha, reki na kidole cha pini vinaweza kutengenezwa hapa. Fundi mzuri wa kulehemu mwenye bamba la milimita 16 au 20, na pini za baketi yako mkononi kama kipimo, atavifanya. Sisitiza mambo mawili: meno ya kidole yapite katikati ya meno ya reki bila kugonga reki ikifungwa kabisa, na kabla ya kulehemu chochote kwenye mkono wa mashine betri itolewe nyaya na waya wa ardhi wa mashine ya kulehemu ufungwe karibu na pale panapolehemewa. Umeme ukipita kwenye beringi na kompyuta ya mashine, hasara yake ni kubwa kuliko kidole.

Vinne kwa pamoja

| | Slasha ya diski | Slasha ya ngoma | Mulcha | Reki, kidole na ripa |
|---|---|---|---|---|
| Mashine inayofaa | Kuanzia tani 1.7, kwa kifaa cha kipimo chake | Kuanzia tani 1.7 | Tani 5.5 kwenda juu | Yoyote, kulingana na unene wa mti |
| Laini ya ziada | Lazima | Lazima | Lazima, lita nyingi | Si lazima kwa kidole cha pini |
| Unene | Hadi sentimita 10 kwenye tani 5 | Sentimita 3 hadi 5 | Hukata minene, polepole | Hutegemea uzito wa mashine |
| Shingo ya mathenge | Inabaki | Inabaki | Inabaki kwa kawaida | Inatoka |
| Kuni na nguzo | Zinapatikana kiasi | Hakuna | Zinasagwa | Zinapatikana zote |
| Hatari ya kurusha vitu | Kubwa sana | Ya wastani | Kubwa | Ndogo |

Ningechagua nini

Kwa shamba jipya la kulima au malisho ya kurudisha nyasi, reki na kidole, bila kusita. Fedha iliyobaki iende kwenye dizeli na kwa watu wa kupanda nyasi nyuma ya mashine, kwa maana ardhi iliyoachwa wazi huirudishia mathenge nafasi yake.

Kwa mifereji ni slasha ya ngoma. Kwa barabara za shamba, mistari ya uzio na njia za mifugo ni slasha ya diski, mradi ukubali kwamba utarudi, na uwe na kioo cha kufaa. Mulcha ningeikodi kwa kazi maalumu, au kuinunua ikiwa biashara yangu ni kusafisha mashamba ya watu mwaka mzima kwa mashine kubwa. Kwa shamba la mtu mmoja sioni itakavyorudisha fedha yake.

Kama kichaka chako si mathenge bali ni dungusi kakati, kama ile Opuntia iliyoenea Laikipia, weka mbali vyote vinavyozunguka. Kila kipande cha dungusi kikianguka chini kinaweza kuota, na mulcha itakupandia shamba zima. Kwa hiyo nayo ni kazi ya reki, kuinua mmea mzima na kuulundika mahali pamoja.

Kabla ya kulipa

Ukiamua kununua kinachozunguka, muulize muuzaji kuhusu hozi ya tatu. Mota nyingi za pistoni zina bomba dogo la kurudisha mafuta yanayovuja ndani, na bomba hilo lazima liende moja kwa moja kwenye tangi bila kupita kwenye valvu. Likiungwa kwenye laini ya kawaida ya kurudi, shinikizo hupanda na sili ya mota hupasuka. Uliza pia kifaa kinasimamaje ukifunga mafuta ghafla. Diski nzito inaendelea kuzunguka, na bila valvu ya kuiachia mafuta yazunguke, mota inakufa mapema. Hayo yajibiwe kwa kuonyeshwa kwenye kifaa chenyewe, si kwa maneno.

Pima pini: kipenyo, upana kati ya masikio ya kifaa, na umbali kati ya pini mbili. Eskaveta mbili za tani ileile hupishana kwenye vipimo hivi mara nyingi.

Kazini, safisha redieta kila baada ya saa chache, maana majani madogo ya mathenge huingia kila mahali. Na kabla ya kuugusa mti wowote Baringo, kagua nyuki, ukiwa mbali, injini ikiwa imezimwa. Ni nchi ya asali, makundi hukaa kwenye matawi na mashimo ya miti, na opareta aliye chini ya paa wazi hana pa kukimbilia.

Panga kazi ifanyike kabla maganda hayajakomaa. Yakishakauka na kuanguka, mbuzi huyala na kuzisambaza mbegu kwa samadi. Mashine nayo huzibeba kwenye tope la cheni, kwa hiyo ioshe palepale, cheni na meno ya reki, kabla haijapanda lori kwenda shamba la pili. Mvua ya kwanza ikinyesha, pita shambani na jembe: miche itakayotokea ina mzizi mfupi, na kwa wiki chache inang'oka bila mtambo wowote.